Bweni lililopinda kando ya mto: kisa cha Baker House

Chukua kalamu uchore kiwanja hiki. Kusini kuna mto mpana, Charles, na ng'ambo yake mji wa Boston. Kati ya mto na kiwanja inapita barabara ya magari, Memorial Drive, sambamba na maji. Kaskazini kuna kichochoro cha chuo, na baada yake viwanja vya michezo. Kiwanja chenyewe ni chembamba na kirefu, kimelala kando ya barabara kama mkeka uliotandikwa barazani. Sasa umeambiwa ujenge hapo bweni la wanafunzi zaidi ya 300. Dirisha la chumba litazame wapi?

Swali hilo alikabidhiwa Alvar Aalto, msanifu majengo wa Finland, mwaka 1946, pale chuo cha teknolojia cha MIT, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Bweni lilikamilika mwaka 1949 na leo linaitwa Baker House, kwa jina la Everett Moore Baker, mlezi wa wanafunzi wa chuo hicho aliyefariki katika ajali ya ndege huko Misri mwaka 1950. Ukilitazama kutoka juu linajipinda kama wimbi, na kwa kuwa neno "aalto" kwa Kifini maana yake ni wimbi, wapo wanaosema mzee aliweka sahihi yake tu. Wanakumbusha kwamba mwaka 1939 alishajenga ukuta wa mawimbi ndani ya banda la Finland kwenye maonyesho ya New York. Ni kweli alizipenda hizo mikunjo. Lakini nimelisoma jengo hili miaka mingi, nimeweka karatasi ya kunakilia juu ya pulani yake, yaani mchoro wa vyumba ukivitazama kutoka juu, na kuifuata kwa penseli chumba kwa chumba, na ninasimama kwenye hoja moja: ule mpindo ulitoka kwenye kiwanja. Ukiondoa mto, barabara na jua, hauna sababu ya kuwepo.

Tuanze na shida ya vitanda, maana ndiyo iliyoleta kazi yenyewe. Vita Kuu ya Pili iliisha mwaka 1945. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia askari wa Marekani waliorudi nyumbani gharama za masomo, vyuo vikafurika. MIT ilikuwa imehamia Cambridge kutoka Boston mwaka 1916, na ardhi iliyojengwa ilikuwa ya kujazwa, kinamasi cha kando ya mto kilichogeuzwa kiwanja. Kwa hiyo pale hakuna kilima cha kuegemea wala bonde la kujificha. Ni tambarare tupu. Utajiri wa kiwanja ni vitu viwili tu, maji na mwanga wa kusini, na vyote viwili viko upande uleule wa barabara.

Hapo ndipo mtego ulipo. Upande wenye uzuri ndio wenye kero.

Mtu mwenye haraka angejenga jengo la kunyooka lenye korido katikati na vyumba pande zote mbili. Ni rahisi, ni nafuu, na vitanda vinatosha. Lakini nusu ya wanafunzi wangetazama kaskazini mwaka mzima, na nusu nyingine wangetazama magari uso kwa uso. Angeweza pia kupanga majengo mafupi kadhaa yakielekeza ubavu mtoni. Hapo kila dirisha lingetazama dirisha la jirani. Au angeweka vyumba upande mmoja tu wa korido, vyote vikitazama kusini kwa mstari ulionyooka, na hapo urefu wa kiwanja usingemtosha kufikia idadi ya vitanda aliyopewa. Aalto na wasaidizi wake walichora maumbo kadhaa na kuyalinganisha kabla ya kuchagua. Ninawasisitizia vijana wa ofisini kwangu jambo hilo, kwa sababu sisi tuna tabia ya kuchora umbo moja halafu kulitafutia sababu.

Mpindo ulijibu maswali mawili kwa pamoja. Kwanza, mstari uliopinda ni mrefu kuliko ulionyooka ndani ya kiwanja kilekile, kwa hiyo ukuta wenye madirisha ya kusini unaongezeka bila kununua hata hatua moja ya ardhi. Pili, vyumba vingi vinautazama mto kwa mshazari badala ya kuukabili moja kwa moja. Hili la pili ndilo watu hulipita haraka, nalo ndilo lenye akili zaidi.

Fikiria umepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, umekaa dirishani. Ukitazama chini, pale lami inapokutana na majani, kila kitu kinakupita kwa kasi, na baada ya dakika chache kichwa kinazunguka. Ukiinua macho ukatazama mbele kwa pembeni, kule milima ya Uluguru inapoanza kuonekana, safari inatulia ingawa mwendo wa basi ni uleule. Dirisha la bweni kando ya barabara kuu ni hivyohivyo. Likiwa sambamba na barabara, kila gari linakata katikati ya kioo, na jicho la mtu anayesoma halina namna ila kulifuata. Dirisha likigeuzwa kidogo, barabara inakuwa mstari unaokwenda mbali pamoja na mto, na magari yanaonekana yakija na kuondoka taratibu. Hoja ya Aalto ilikuwa hiyo. Hakuwa na uwezo wa kuihamisha barabara, wala hakuwa na eneo la kurudi nyuma vya kutosha. Alichoweza kukigeuza ni chumba.

Ukiifuata pulani kwa penseli unaona gharama ya uamuzi huo. Pale jengo linapotokeza kuelekea mtoni, chumba kinaanza chembamba mlangoni na kupanuka dirishani, kama kipande cha keki. Pale linapoingia ndani, mambo yanageuka: mlango uko kwenye upana, dirisha kwenye wembamba. Kila ghorofa ina vyumba 43, na maumbo 22 tofauti. Yaani fundi wa samani hawezi kuleta kitanda na kabati vya kipimo kimoja akavitupia popote. Mkadiriaji wa gharama akiona hesabu hiyo hushika kichwa. Hata hivyo, nikiwa mtu niliyelala miaka mitatu kwenye vyumba vilivyofanana kama maboksi ya sabuni, naona faida iliyo ndani yake: mwanafunzi anaweza kusema "chumba changu" na kikawa chake kweli, maana cha jirani hakifanani nacho.

Niseme kwa nini jambo la upande wa dirisha linanigusa hivi. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, chuo ambacho sitakitaja, tuliishi hosteli ambayo upande wetu ulitazama magharibi. Chumba kilikuwa cha wanne, tulikuwa sita, tunabebana. Ikifika saa kumi jioni ukuta ulikuwa na moto kiasi kwamba ukiegemea bila shati unaruka. Tulitundika khanga na mashuka madirishani kuzuia jua. Chumba kikawa giza, tukawasha taa mchana kweupe. Saa nne usiku ule ukuta bado ulikuwa unatema joto kama jiko lililozimwa muda si mrefu. Nje palikuwa na kisiki cha mwembe, kipana cha kuweza kukaliwa na watu watatu. Mzee wa usafi alituambia ule mti uliangushwa wakati wa ujenzi ili malori ya kokoto yapate njia. Kivuli chake kingetua juu ya madirisha yetu jioni. Nilipopiga hesabu baadaye, nikiwa najua kusoma jua, niliona kwamba jengo lile lingezungushwa robo duara tu kwenye kiwanja kilekile, ubavu mfupi ukaelekea magharibi, tungelala vizuri kwa bei ileile.

Kule Cambridge jua linasomwa vingine, na msomaji wa huku asipoambiwa atachanganyikiwa. Mji ule uko karibu nyuzi 42 kaskazini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko kusini mwaka mzima, halihami. Mwezi Desemba linapanda hadi nyuzi 24 hivi tu juu ya upeo, chini kabisa, kwa hiyo linaingia dirishani na kufika hadi ukuta wa ndani, na kwenye baridi ya theluji huo ni moto wa bure. Mwezi Juni linapanda hadi nyuzi 71, linapita juu ya dirisha bila kuingia sana. Dirisha la kusini kule ni baraka misimu yote miwili. Dirisha la kaskazini halipati jua la mchana hata siku moja, na Aalto hakutaka kumpa mwanafunzi chumba kinachotazama huko peke yake.

Basi upande wa kaskazini aliupa nini? Aliupa ngazi, mlango na korido. Ngazi mbili ndefu zinaanzia katikati na kupanda kulia na kushoto, zikining'inia nje ya ukuta wa nyuma, na ukisimama kwenye viwanja vya michezo unaziona zikifungua mabawa. Ni ngazi pana zenye mwanga, ambazo mtu hupanda huku akiona wenzake wa ghorofa nyingine wanakwenda wapi. Korido nazo si bomba la kunyooka. Zinapinda na jengo, zinapanuka mahali fulani na kubana pengine, na pale zinapopanuka ndipo watu husimama kuzungumza. Kwa upande wa tabianchi, naona hapo kuna busara ambayo haitajwi sana: majira ya baridi upepo mkali pale Boston huvuma zaidi kutoka kaskazini-magharibi, na anayekutana nao kwanza ni ngazi na korido. Chumba cha kulala kinajificha nyuma yao.

Mlango kuwa kaskazini ni uamuzi wa mandhari vilevile. Mwanafunzi anayetoka darasani anafika kwa njia ya ndani ya chuo, akipita kando ya nyasi za michezo, halazimiki kuzungukia barabara kuu. Akishaingia, ukumbi unamvuta moja kwa moja kuelekea mwanga wa upande wa pili, hadi kwenye bwalo. Na bwalo ndilo kiungo kati ya jengo na mto. Ni jengo fupi la pembe nne lililowekwa mbele ya mpindo, limegeuzwa pembe kidogo, lina sakafu za viwango viwili, na darini limetobolewa matundu ya duara yanayomwaga mwanga kama mbalamwezi. Juu yake kuna paa la kutembea. Aliyeko vyumba vya juu haoni bati wala matangi. Anaona uwanda uliotulia, kisha nyasi, kisha barabara, kisha maji.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu watu wengi wa fani yangu hudhani usanifu wa mandhari ni kupanda maua jengo likishaisha. Tazama kile kipande cha ardhi kati ya ukuta uliopinda na barabara. Kama jengo lingenyooka, pangebaki ukanda mmoja mwembamba wa nyasi, wa kupita tu, mahali ambapo hakuna anayeketi. Kwa kupinda, jengo limetengeneza vifuko vilivyokumbatiwa na kuta, vinavyotazama kusini. Mtu akikaa hapo siku ya jua la Machi, wakati theluji ndiyo kwanza inayeyuka, ukuta wa tofali nyuma yake una joto na mwili wa jengo unamkinga na upepo wa kaskazini. Bustani haikuongezwa baadaye. Ilizaliwa na mstari uleule uliozaa vyumba.

Tofali zenyewe ni kisa kingine. Zilitoka kwenye tanuri la jimbo jirani la New Hampshire, na Aalto alizitumia bila kuzichambua: zilizoiva vizuri, zilizoungua hadi kuwa nyeusi, zilizobaki njano, hata zile zilizopinda motoni kama ndizi. Kwa fundi wetu wa huku, tofali iliyopinda hivyo inakwenda kujaza msingi au inatupwa. Pale iliachwa itokeze ukutani, jua la pembeni linaipiga na kuipa kivuli chake. Ukuta mrefu wa ghorofa 6 ungeweza kuonekana kama ngome. Kwa tofali hizo unakuwa na ngozi ya gome la mti. Upande unaotazama nyasi na maji, naona ulistahili ngozi hiyo.

Sasa upande ambao kisa hakikwenda alivyotaka. Chuo kilihitaji vitanda zaidi. Ubishi huo kila msanifu wa mabweni anaujua: mchoro unapendeza, lakini tuongezee wanafunzi kadhaa. Jibu la Aalto liko upande wa magharibi wa pulani, ambako jengo linanenepa. Hapo kuna vyumba vikubwa vya watu wawili na watatu, vyenye mwanga wa magharibi na kaskazini. Ukifuata penseli kutoka mashariki unaona mstari ukienda kwa raha, halafu ukifika mwisho unajikusanya kama mtu aliyebebeshwa furushi la ziada mlangoni. Wengine huona hapo ni doa. Mimi napaheshimu, kwa sababu alibeba mzigo wote upande mmoja na kuuacha mto kwa vyumba vingine, badala ya kubana kila chumba kidogokidogo hadi vyote viharibike.

Wanafunzi wangu wakishalipenda jengo hili, wiki inayofuata wananiletea michoro ya majengo yaliyojipinda kama nyoka. Hosteli ya Dar es Salaam, hosteli ya Dodoma, hosteli ya Mombasa, zote nyoka. Hapo inabidi turudi kwenye jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita linakaa upande wa kaskazini, juu ya nyuzi 60 hivi. Mwezi Desemba linahamia kusini, nyuzi 73. Linatupita utosini mara mbili kwa mwaka. Huku dirisha la kaskazini na la kusini yote yanakingika kwa upenu wa kawaida. Maadui ni mashariki na magharibi, ambako jua linakuja chini na hakuna upenu unaolizuia. Ukuta unaojipinda utatoa vyumba kadhaa vinavyochungulia magharibi, na hao ndio wenzangu wa kutundika khanga. Zaidi ya hapo, Aalto alihitaji upande wa nyuma uliofungwa kwa ajili ya baridi. Sisi tunahitaji upande wa nyuma ulio wazi ili upepo wa kaskazi uingie huku na kutokea kule, na kusi ukija miezi ya katikati ya mwaka upite njia hiyohiyo kwa kurudi. Korido ya ndani iliyofungwa pande zote, kwenye joto la Februari la pwani, ni kosa ambalo feni haiwezi kulirekebisha. Halafu kuna maji. Kiwanja cha tambarare kule kilisomwa kwa mto na jua. Kiwanja chetu kinasomwa kwanza siku ya mvua kubwa ya masika, ukiwa umevaa mabuti, ukitazama maji yanapitia wapi kabla hujayaambia yapitie kwingine.

Kwa hiyo huwa nawarudishia nyoka wao na kuwaomba orodha ya mambo wanayoyaona wakiwa wamesimama kiwanjani saa tatu asubuhi, saa kumi jioni, na baada ya mvua.

Limebaki jambo moja la Baker House, lile la ukuta wa kaskazini. Aalto alikusudia ngazi zile zilizoning'inia zivishwe vigae, na mimea itambae juu ya viunzi upande huo, ili anayekuja kutoka viwanjani akutane na kijani kinachopanda pamoja na ngazi. Fedha zilipobana, vigae viligeuka lipu, na viunzi vya mimea vikaondolewa. Upande wa mto ukapata tofali zake zote. Upande ambao wanafunzi huingilia kila siku ukabaki mkavu. Ninauelewa uamuzi ule na bado unanisikitisha, kwa sababu naujua kwa sura. Kwenye makadirio ya bei ya miradi yetu, "kazi za nje" huandikwa ukurasa wa mwisho, na fedha zikipungua wanaanza kukata kutoka mwisho. Siku hizi ninaziandika ukurasa wa kwanza. Kabla msingi haujapimwa, miti inayobaki inapakwa chokaa nyeupe na kuhesabiwa, kila mmoja na namba yake na bei yake, na njia ya malori ya kokoto inachorwa kuizunguka.